Kelele za Chura Hazimzuii Ngamia Kunywa Maji, Lakini Nani Amewahi Kuzihesabu?

Kama umefungua hii ukidhani tunaongelea ile ngoma ya Snura, Chura, ile video yake ilipigwa marufuku Tanzania 2016, pole sana. Leo ni chura mwenyewe. Yule wa matope, macho yametoka nje kama msee ameona deni lake la Fuliza.

Na hatumwongelei chura wa Kakamega, mahali kila mtu anajua kuna maji. Tunaenda Garissa. Eeh, Garissa ile ile ya joto la nyuzi 35 kupanda, ngamia barabarani, na mvua ya karibu milimita 300 hivi kwa mwaka. Nairobi hupata kama mara tatu ya hiyo na bado tunalia maji mferejini hakuna.

Najua unachowaza. Chura na Garissa wapi na wapi?

Basi tafuta mtu yeyote amelala bula yoyote ya Garissa usiku ule mvua ya kwanza imeshika. Atakwambia. Saa kumi jioni kulikuwa na vumbi tu. Mvua ikachapa, stima ikaenda, na kufika saa tatu usiku kila dimbwi linapiga kelele kama mathree za Eastlands zimepewa barabara yao. Asubuhi watoto wanakwambia vyura wameanguka na mvua kutoka mbinguni.

Hawakuanguka. Walikuwa hapo siku zote. Wewe ndiye ulikuwa umewakanyagia juu.

Walikuwa wapi miezi yote hiyo?

Chini. Hiyo ndiyo siri yote ya chura wa nchi kavu.

Ngozi ya chura haizuii maji vile yako inazuia. Anapumua nayo, anakunywa nayo, na jua la Garissa linaweza kumkausha haraka. Kwa hivyo jilaal ikiingia, ile kiangazi kali ya kuanzia Januari, wengi wao wanachimba na kujifukia. Wengine wana kigaga kigumu kwenye mguu wa nyuma, kama jembe ndogo, na wanazama kinyumenyume hadi unaona macho pekee, halafu hata macho hakuna. Mvua ya gu ikija kama Aprili, ama deyr kuanzia Oktoba, maji yanapenya udongo na mbogi yote inaamka pamoja.

Wakiamka hawana time ya kupoteza. Dimbwi lenyewe linaweza kukauka wiki chache zijazo. Kwa hivyo dume anaita, jike anachagua, mayai yanatagwa, viluwiluwi wanatoka, wanaota miguu, wanatoka majini kabla jua halijamaliza kazi. Sherehe yote ya mwaka mzima inabanwa kwenye usiku chache. Shika hiyo point vizuri, tutairudia, kwa sababu ndiyo inaharibia watafiti hesabu.

Kutana na kikosi

Wasomali wanamwita chura rah. Lakini rah hayuko mmoja. Kenya nzima ina aina zaidi ya 100 za amfibia, na hawa wa nchi kavu na tambarare ni wasanii wa kivyao. Nitatumia majina ya kisayansi mahali hakuna jina la mtaani.

Wa kwanza ni Pyxicephalus, chura mkubwa mnene, bouncer wa dimbwi. Ana vitu kama meno kwenye taya la chini na akikuuma utajua hajui mchezo. Anakula wadudu, panya, hata vyura wenzake. Kwenye ukame anaweza kujifunika na matabaka ya ngozi yake mwenyewe yaliyobambuka, kama msee amejifunga na shuka akingoja end month.

Halafu kuna Chiromantis, chura wa mitini. Huyu ameamua hajifukii. Anakaa kwenye tawi na jua linawaka, ngozi inageuka karibu nyeupe ili irudishe mwanga, na mkojo wake anautoa na maji kidogo sana, karibu kama ndege. Mayai anayaweka ndani ya povu kwenye matawi juu ya maji. Povu linakauka kwa nje, ndani kunabaki unyevu, na viluwiluwi wakiwa tayari wanadondoka majini mmoja mmoja. Ukiona kitu kama povu la sabuni limening'inia mtini juu ya dimbwi, hakuna mtu amefua hapo.

Hemisus anachimba na pua. Jike anakaa na mayai kwenye chumba cha chini ya ardhi, na viluwiluwi wakitoka anaweza kuwachimbia njia hadi kwenye maji. Mama wa kweli.

Phrynomantis ni mweusi na mistari myekundu, amepiga luku kali. Luku hiyo ni onyo: ngozi yake ina sumu. Usimshike halafu ujipanguse macho.

Kassina haruki sana, anatembea na kukimbia, na sauti yake ni kama tone kubwa la maji likianguka ndani ya jerikeni. Na Tomopterna, wale wadogo wanene wa mchanga, ndio wanaumiza watafiti kichwa zaidi, kwa sababu unaweza kuwa na wawili mkononi wanafanana kila kitu na kumbe ni aina mbili tofauti. Mwaka 1996 wanasayansi waliipa mmoja wao jina lake mwenyewe, Tomopterna tandyi, baada ya kuthibitisha ana kromosomu mara mbili ya mwenzake anayefanana naye. Kwa macho huoni kitu. Kwa masikio unasikia, maana wanaita tofauti.

Sasa umeelewa mbona methali yetu imewakosea hawa watu. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, sawa. Lakini kwa anayehesabu, hizo kelele ndizo kitambulisho. Kila aina dume wake wana wito wao, kwa sababu jike hataki kukosea mlango.

Kwani unahesabuje chura?

Niliacha chuo kabla nimalize, kwa hivyo niamini nikikwambia hii kazi haihitaji maneno makubwa kuielewa. Inahitaji uvumilivu na gamboti.

Kwanza unaligawa eneo. Tuseme ni hifadhi kama Arawale, kusini mwa mji wa Garissa, ilitangazwa 1974 na ina kilomita mraba 500 na kitu. Huwezi kuzunguka yote. Unaandika: hapa ni nyasi wazi, hapa vichaka vya miiba, hapa laga, hapa bwawa la mifugo. Halafu kila aina ya mahali unaipatia muda sawa. Ukikaa lagani masaa kumi na kwenye nyasi lisaa limoja, usije ukatuambia laga ina vyura wengi. Ulikuwa umeitafuta zaidi, hiyo tu.

Pili, unatafuta usiku na tochi. Watu watatu wakitafuta kwa lisaa limoja, hiyo inaandikwa masaa matatu ya mtu. Kila chura anaandikwa: aina, saa, mahali, alikuwa akifanya nini.

Tatu, unanyamaza usikilize. Unaweka kinasa sauti kando ya dimbwi na unakiacha kikeshe. Siku hizi ni kifaa kidogo kwenye mti, kinarekodi hata ukiwa umelala.

Nne, ndoo. Unafukia ndoo hadi mdomo wake uwe sawa na ardhi, halafu unasimamisha ukuta mfupi wa plastiki unaoelekea kwenye ndoo. Chura anatembea, anagonga ukuta, anafuata ukuta, anaingia. Ndoo inatobolewa chini ili mvua isimzamishe, na lazima ukague alfajiri. Ukichelewa hadi saa nne, jua la Garissa litakuwa limempika na nge ameingia kukungoja.

Tano, unavua viluwiluwi na wavu. Wazazi wanaweza kuwa wameshaenda, lakini watoto darasani wanakwambia nani alipita.

Sita, ushahidi. Picha, sauti, na wachache wenye utata wanapelekwa Makumbusho ya Taifa Nairobi, wanawekewa lebo ya mahali na tarehe, na wanaweza kupimwa DNA. Bila hiyo, miaka thelathini baadaye mtu atasema ulikosea na hutakuwa na jibu. Vibali kabla ya yote: NACOSTI, KWS na wenye ardhi.

Na unaosha viatu ukitoka dimbwi moja kwenda lingine. Kuna kuvu inayoua amfibia, imeshasambaa dunia nzima, na Kenya imepatikana sehemu nyingi. Usiwe wewe uliyeibeba kwenye gamboti.

Unaendelea hivyo usiku baada ya usiku hadi orodha inaacha kukua. Siku ya kwanza aina mpya nne, ya pili tatu, ya tano moja, ya tisa hakuna, ya kumi hakuna. Hapo unaanza kuamini umekaribia ukweli.

Shida ya sufuri

Sasa rudi kwenye ile point nilikwambia ushike.

Tuseme kuna chura ambaye anaita usiku 5 pekee kwa mwaka mzima. Tuseme wewe umekuja Garissa usiku 3, tarehe umezichagua kulingana na gari na per diem, hukuangalia mawingu. Nafasi ya angalau usiku wako mmoja kugongana na usiku wake ni kama 4 kwa 100. Yaani ukifanya hiyo safari mara 100, mara 96 utarudi Nairobi na kuandika: hayupo.

Ako. Amelala futi moja chini ya tairi ya gari yako.

Mbona basi watafiti wasije tu msimu wa mvua? Hapa ndipo noma ilipo. Usiku chura anatoka ndio usiku huo huo barabara inakatika. Kumbuka Novemba 2023: baada ya misimu mitano ya mvua kufeli mfululizo tangu mwisho wa 2020, El Niño ikaja na barabara ya Garissa kwenda Nairobi ikamezwa na maji pale Madogo. Watu walikuwa wanavushwa na boti. Kwa vyura hiyo lazima ilikuwa dunda ya muongo. Kwa mtu wa kuwahesabu, hata kufika ilikuwa story.

Ongeza usalama. Fikiria wewe ni mtafiti, saa nne usiku, tochi kichwani, begi lina waya na vipaza sauti, unatembea polepole porini kaunti iliyo mpakani na Somalia. Pande za Boni kumekuwa na operesheni ya usalama tangu 2015. Huko hauendi juu umeamka na morali. Chifu ajue, polisi wajue, KWS wajue, na wenyeji wajue kabla ya hao wote, kwa sababu wao ndio watakwambia pia dimbwi gani lina nini na njia gani usipite.

Kwa hivyo mtafiti anakuja Februari, barabara ikiwa safi. Anaona kidogo. Anaandika kidogo. Na ile karatasi haisemi "nilikuja kukiwa kumekauka." Karatasi inabaki na orodha fupi, na orodha fupi inasomwa kama nchi tupu.

Tunachojua, na mahali kilitoka

Kuna wasee walifanya hii kazi vizuri. Miaka ya themanini mwanzoni, Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Royal Geographical Society ya Uingereza waliingia Kora, ng'ambo ya mto Tana kutoka Garissa. Ndio, Kora ile ya George Adamson, mzee wa simba aliyeuawa 1989. Kila mtu anakumbuka simba. Lakini kitabu cha ule utafiti kilitoka 1986, na ndani kuna sura nzima ya mijusi, nyoka na vyura, kazi ya watu kama Duff-MacKay na Rotich. Hiyo ndiyo aina ya orodha ambayo mtu wa leo anaweza kurudi nayo mahali pale pale na kuuliza: nani bado ako, nani ameenda?

Halafu 2006, Patrick Malonza wa Makumbusho na wenzake walichapisha utafiti wa hifadhi ya nyani ya Tana, huko chini mtoni. Walimpata tena amfibia asiye na miguu, anafanana na mnyoo mkubwa, Boulengerula denhardti, aliyepewa jina 1912 halafu akapotea kwenye rekodi miongo mingi. Hakuwa amehama. Hakuna mtu alikuwa amechimba mahali sawa.

Lakini cheki, hiyo ya Tana ilikuwa kazi ya misitu ya kando ya mto. Msitu unavutia watu. Una kivuli, una nyani, una picha kali. Nyasi wazi za Ijara na Fafi zina miiba na joto, na mnyama mmoja maarufu.

Hirola na nyasi zinazoisha

Huyo mnyama ni hirola, yule swala wa macho yenye miwani. Amebaki chini ya 500 duniani, na ngome yake ni Garissa. Ishaqbini, hifadhi ya jamii kule Ijara, ilizungushia ua sehemu maalum ya kumlinda 2012.

Utafiti wa Abdullahi Ali na wenzake, uliochapishwa 2017, ulionyesha kitu kimoja cha kutisha. Kwenye makao ya hirola, miti iliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya 1985 na 2012. Unasema si miti ni poa? Sio kila mahali. Hirola anakula nyasi. Ndovu waliokuwa wanaangusha miti waliuawa na majangili, vichaka vikafunga, nyasi zikaisha. Ukiongeza mathenge inayovamia kingo za mto na malisho, utaelewa wafugaji wanalia nini.

Sasa uliza swali ambalo halina picha kali: chura wa nyasi wazi anaendaje? Yule aliyezoea dimbwi la jua, lisilo na kivuli, linalojaa na kukauka haraka, anafanya nini uwanda ukigeuka kichaka? Pengine wengine wanafaidika. Pengine wengine wanaisha kimyakimya. Na watu sasa wanang'oa miti na kurudisha nyasi kwa ajili ya hirola, jambo zuri. Hesabu ya vyura kabla na baada ingetuambia kama nyasi zimerudi na maisha yake au zimerudi kama zulia.

Na mabwawa. Kila mwaka wa ukame yanachimbwa zaidi, na lazima yachimbwe, mifugo inakufa. Lakini bwawa la maji ya kudumu na dimbwi la wiki sita ni mitaa miwili tofauti. Wanaoishi huku si lazima waweze kule.

Sawa, lakini mbona mimi nijali?

Sababu ya kwanza ni karatasi. Kabla ya barabara kubwa ama mradi wowote mzito, sheria ya mazingira ya 1999 inataka ripoti, na NEMA ndio wanaipitia. Ukanda wa LAPSSET wenyewe unapita Garissa ukitoka Lamu kwenda Isiolo. Mtu anayeandika ripoti anaangalia orodha iliyopo. Kama orodha inasema sufuri, dimbwi lako ni shimo tu la kujazwa murram. Na dimbwi hilo hilo ndilo mbuzi wa shangazi yako wanakunywa.

Sababu ya pili ni afya. Madimbwi ya muda ndiyo mbu wa homa ya Bonde la Ufa wanazaliana, na mayai yao yanaweza kungoja mvua ardhini miaka. Garissa inaijua hiyo homa: 1997 hadi 1998, tena 2006 hadi 2007, mifugo na watu wakafa. Usinipate vibaya, sisemi chura atakuokoa. Nasema kujua dimbwi gani linajaa lini, na nani anaishi ndani, ni habari za maisha yako.

Ya tatu ni dunia. Tathmini kubwa ya 2023 ilipata asilimia 41 ya amfibia wote duniani wako hatarini kuisha. Hakuna kundi la wanyama wenye uti wa mgongo lililo pabaya kuliko hapo. Huwezi kujua umepoteza nini kama hukuwahi kuandika ulikuwa na nini.

Kazi yako, ukiwa Garissa, Wajir ama Mandera

Hapa ndipo wewe unamshinda profesa. Yeye anangoja bajeti, gari na barabara. Wewe ukiwa bula yako, mvua ikishika, uko hapo tayari.

Toa simu. Rekodi sauti ya dimbwi dakika mbili. Sema tarehe, saa na jina la mahali. Ukimwona, piga picha ya mgongo na ya ubavu, usimbebe kwenda naye nyumbani. Pandisha kwenye iNaturalist, ni bure, inapokea picha na sauti, na kuna watu huko wanaweza kukusaidia jina. Usiende peke yako, usiingie kwenye maji usiyoyajua, na kando ya Tana kumbuka kuna mamba na kiboko ambao hawana haja na sayansi yako. Mahali hali ya usalama si nzuri, rekodia dirishani.

Na ukienda ukakosa, andika pia. "Nimetafuta lisaa limoja, bwawa la mifugo, kumekauka, sijaona." Sufuri yenye maelezo ni data. Sufuri bila maelezo ni uongo unaovaa suti.

Halafu uliza wazee. Abti aliyechunga ngamia miaka arobaini anajua rah wa kwanza huita lini na kelele gani haisikiki tena. Hiyo hesabu iko kichwani mwake. Bado hatujaenda kuiomba.

Ngamia atakunywa maji, hiyo hatubishani. Siku kelele zitakosekana kabisa pale dimbwini, uliza maji yenyewe yamekuwaje.